Ahadi ni Deni la Nani?

Tarehe 15 Machi, 1921, wajumbe wa Uingereza na Ubelgiji walitia saini mjini London mkataba uliohusu ardhi ya Tanganyika. Kwa mkataba huo Ubelgiji ilipewa kiwanja katika bandari ya Dar es Salaam na kiwanja kingine Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na haki ya kupitisha mizigo yake baina ya viwanja hivyo viwili bila ya kutozwa ushuru wa forodha. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wake ulikuwa milele.

Baina ya Dar es Salaam na Kigoma iko Reli ya Kati, na Reli ya Kati hupita Manyoni. Shehena iliyoshushwa melini kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi ilipita Dodoma, ikapita Kintinku na Saranda, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa, ikafika Manyoni, kisha ikaingia katika vichaka vya Itigi kuelekea Tabora. Wagogo, Wakimbu na Wanyaturu wa nchi hiyo waliyaona mabehewa yakipita. Hawakuulizwa kama njia ile iahidiwe kwa watu wengine mpaka mwisho wa dunia. Swali la insha hii ni kama ahadi hiyo iliwafunga.

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni swali la wanasheria tu. Sivyo, ni swali la kila nyumba. Methali yetu isemayo kuwa ahadi ni deni hufundishwa darasani kana kwamba imekwisha kujieleza, ilhali ina pengo kubwa: haisemi ni deni la nani. Nikimwahidi jirani kwamba kesho nitakwenda kumsaidia kupura mtama, deni ni langu, na nisipokwenda nimemkosea. Lakini nikimwahidi kwamba kesho wewe, msomaji, utakwenda kumpuria, nani mdaiwa? Na ikiwa jirani huyo amekwisha kualika watu na kupika pombe kwa kulitegemea neno langu, je, hasara yake yakufanya wewe uwe mwongo?

Wafugaji wa Ugogo wana desturi inayotusaidia kulifikiri jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa kwa marafiki na jamaa wa mbali wamtunzie, ili ugonjwa au ukame ukiingia mahali pamoja usimalize mali yake yote. Hapana karatasi inayoandikwa. Mtunzaji hunywa maziwa na hutumia samadi, na akitunza vizuri hupata heshima na shukrani. Lakini hawezi kumtoa ng'ombe wa watu kuwa mahari ya mwanawe, wala kumweka rehani, wala kumpa mtu wa tatu awe wake daima. Akithubutu kufanya hivyo, wazee hawataanza kwa kuuliza kama yule aliyempokea alikuwa mtu mwema, wala kama alilipa bei nzuri. Watauliza ng'ombe ni wa nani.

Nimeleta mfano huu kwa sababu Uingereza yenyewe ilidai kuwa mtunzaji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nchi hii haikupewa Waingereza iwe koloni lao la kawaida. Waliishika kwa udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na kifungu cha 22 cha mapatano ya Shirikisho hilo kiliuita ustawi wa watu wa nchi za namna hiyo amana takatifu. Amana ni neno zito kwetu. Na tukitazama tarehe tutaona jambo la ajabu zaidi: udhamini wa Tanganyika ulithibitishwa na Baraza la Shirikisho mwezi Julai 1922. Mkataba wa faranga moja ulitangulia kwa zaidi ya mwaka mzima. Mtunzaji aligawa ng'ombe kabla hajakabidhiwa zizi.

Kugawa mali za watu hakukuanza na Waingereza na Wabelgiji. Mwezi Februari 1885 Ujerumani ilitangaza kwamba nchi kadhaa za bara zilikuwa chini ya ulinzi wake, kwa kutegemea karatasi ambazo Carl Peters alikuwa amezitoa kwa machifu wa sehemu za Usagara na jirani zake. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga kwa nguvu, akisema kwamba nchi hizo ni zake. Jibu la Berlin lilikuwa manowari, zilizotia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilipatana. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na nchi iliyobaki, kutoka mto Tana upande wa kaskazini hadi Ruvuma upande wa kusini, ikagawanywa kuwa maeneo ya mataifa hayo mawili. Manyoni ikaangukia kwa Wajerumani. Tunapowafundisha wanafunzi habari hizi ni desturi kumwonea huruma Barghash, na kweli alidhulumiwa. Lakini hata dai lake lilikuwa na kasoro moja ambayo Mgogo yeyote wa siku zile angeicheka: misafara ya Sultani na ya raia zake ilipopita Ugogo ililipa hongo. Mwenye nyumba halipi ili apite sebuleni mwake.

Hongo yastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana imesemwa vibaya mno. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikata nchi ambayo leo ni Wilaya ya Manyoni. Burton na Speke walipita Ugogo katika safari yao ya 1857, Stanley mwaka 1871, Cameron mwaka 1873, na vitabu vyao vimejaa hasira juu ya ushuru huo. Walikuwa wakitazamia pori gumu. Baada ya Mdaburu msafara uliingia Mgunda Mkali, nchi ya vichaka na ukavu ambamo watu wasiokuwa na maji ya kutosha wala chakula waliweza kuangamia. Kwa hiyo Ugogo palikuwa mahali pa kujaza vibuyu na kununua nafaka, na katika nchi yenye mvua haba kama ile kila kisima kilikuwa na mwenyewe. Mtemi alidai nguo, ushanga na waya wa shaba. Mazungumzo yalichukua siku nzima, pengine siku kadhaa. Wajumbe wakaenda na kurudi, kitambaa kikakataliwa kwa kuwa ni chepesi, kingine kikaongezwa, mwishowe ngoma ikapigwa na msafara ukaruhusiwa kuondoka. Wazungu waliyaita hayo unyang'anyi. Kwao huko, aliyepita katika lango la mji au daraja la bwana mkubwa alikuwa akilipa kwa karne nyingi, wala hawakuliita jambo hilo unyang'anyi.

Lililo muhimu kwetu ni namna ya mapatano yenyewe. Mpitaji alisimama mbele ya mwenye nchi. Wakabishana, wakakubaliana, akalipa, akapita. Aliporudi alilipa tena. Mtemi hakuahidi njia ya mtemi mwenzake, na hapana aliyeuza haki ya kupita kwa vizazi visivyozaliwa. Wajerumani walipojenga boma lao Kilimatinde katika miaka ya 1890, juu ya ukingo unaotazama uwanda wa Bahi, hongo ilikomeshwa, na kodi ikaanza kwenda upande wa pili: sasa mwenye nchi ndiye aliyemlipa mgeni.

Hata hivyo haitakuwa haki kuitukuza hongo. Wako watemi waliozidisha madai kwa tamaa, wakawazuia watu wenye kiu. Na liko jambo zito kuliko hilo. Misafara iliyotoka bara ilibeba pembe za ndovu, na mingi kati yake iliswaga watumwa. Mtemi alipopokea hongo yake na kuiruhusu njia, watu waliofungwa kamba shingoni hawakuulizwa na mtu, si Mwarabu, si Mnyamwezi, si Mgogo. Mapatano yale yaliyofanywa uso kwa uso, ambayo nimeyasifu hivi punde, yalifanywa pia juu ya vichwa vyao. Mwalimu asiwafiche wanafunzi habari hiyo. Dhambi ya kupatana juu ya watu bila ya watu wenyewe haina rangi, na anayeifahamu kuwa dhambi ya wageni tu hataitambua itakapokuja imevaa nguo za nyumbani.

Sasa turudi kwa Wabelgiji, kwa sababu katika habari hii wao wana mahali pa pekee. Mwezi Agosti 1914 Ujerumani iliitaka Ubelgiji iruhusu majeshi yapite katika ardhi yake ili yaishambulie Ufaransa. Ubelgiji, nchi ndogo, ilikataa kufanywa njia. Ulikuwako mkataba wa tangu mwaka 1839 ulioyabana mataifa makubwa, miongoni mwao Prussia, yasiivunje mipaka ya nchi hiyo. Kansela wa Ujerumani akauita mkataba huo kipande cha karatasi, na majeshi yakapita kwa nguvu. Uingereza ikaingia vitani ikitangaza mbele ya ulimwengu kwamba ahadi ya taifa si karatasi, na kwamba taifa dogo halipitwi juu kama nyasi. Huenda ni kweli kwamba ilikuwa na sababu nyingine nyingi. Lakini hiyo ndiyo iliyotangazwa, na vijana wengi waliiamini na kuifia.

Miaka miwili baadaye Serikali ya Ubelgiji, ikiwa uhamishoni Ufaransa kwa kuwa karibu nchi yake yote ilikuwa mikononi mwa adui, iliyatuma majeshi yake ya Kongo yaingie Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari walikuwa Waafrika, na walioibeba mizigo yao, kwa maelfu mengi, walikuwa Waafrika. Walitwaa Kigali mwezi Mei 1916, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Wakati huo huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Van Deventer lilishuka kutoka Kondoa Irangi likaifikia reli, likazitwaa Dodoma na Kilimatinde mwishoni mwa Julai. Jeshi jingine la Waingereza lilitoka Mwanza likiikimbilia Tabora, likakuta bendera ya Ubelgiji imekwisha kupandishwa. Basi nchi ya Manyoni ikawa katikati: upande wa mashariki mshindi mmoja, upande wa magharibi mshindi wa pili, nao ni washirika katika vita wasioaminiana.

Mvutano wao ulikuwa mkali, ingawa ulifanywa kwa lugha ya adabu. Uingereza ilitaka nchi zote zilizotwaliwa ziwe chini ya utawala wake wa muda hadi amani itakapopatikana. Ubelgiji ilikataa. Waingereza walilalamika kwamba askari wa Kongo walikuwa wakiwapora raia. Wabelgiji walilalamika kwamba ushindi wao ulidharauliwa na kwamba mshirika wao alitaka kula peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 1917 Tabora ilikabidhiwa kwa Waingereza, na kabla ya mwaka huo kwisha Wabelgiji waliombwa tena msaada, wakaitwaa Mahenge mwezi Oktoba.

Kwa nini Ubelgiji iling'ang'ania nchi ambayo haikuwa na haja nayo sana? Jibu limo katika siasa ya Wizara yake ya Makoloni, nalo lafaa kusomwa taratibu. Nchi iliyotwaliwa ilikusudiwa iwe rehani. Siku ya mapatano ya amani ingewekwa mezani, na ikiwezekana ibadilishwe: Ureno ingepewa sehemu ya kusini ya nchi yetu, nayo ingeiachia Ubelgiji ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, ili koloni la Kongo lipate njia pana zaidi ya kufikia bahari ya Atlantiki. Mpango huo haukufaulu kwa sababu Ureno haikutaka. Lakini tutafakari maana yake. Watu wa Kigoma na Tabora waliingizwa katika vita, wakachukuliwa nafaka na vijana, ili siku moja waweze kubadilishwa na mchanga wa pwani ambayo hawajapata kuisikia. Rehani tunaijua. Katika miaka ya njaa wako watu wa Afrika Mashariki waliowaweka watoto wao rehani kwa jirani mwenye chakula, nalo ni jambo la huzuni ambalo wazee hawapendi kulisimulia. Lakini hata katika unyonge huo aliyewekwa rehani alikuwa mtoto wa mdaiwa, na deni lilikuwa la nyumba yake. Watu wa Tabora hawakuwa na deni lolote kwa Brussels, wala kwa Lisbon.

Nimesema walichukuliwa nafaka na vijana. Katika Ugogo jambo hilo lina jina. Wajerumani walipokuwa wakipigana walichukua ng'ombe na chakula cha wenyeji. Walipoondoka, Waingereza nao walichukua, na wanaume wakakusanywa kuwa wapagazi. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mashamba yalibaki na akina mama, watoto na wazee, maghala yakiwa matupu, na mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ya kuwaokoa watu. Njaa iliyodumu kutoka 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, neno lenye maana ya kunyang'anyana. Katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule hukadiriwa kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Ukame Wagogo waliujua tangu zamani. Walikuwa na ng'ombe wa kuuza, marafiki wa mbali wa kukimbilia, na mizizi ya porini. Safari hii ng'ombe walikuwa wamekwisha kuliwa na majeshi, na marafiki wa mbali walikuwa wameporwa vile vile.

Ilikuwa katika miaka hiyo hiyo ya Mtunya kwamba mvutano wa Waingereza na Wabelgiji ulipata suluhisho lake. Tarehe 7 Mei, 1919, mataifa makubwa yaliyoshinda yalitangaza huko Paris kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani itakuwa chini ya Uingereza. Ubelgiji ikapinga. Lord Milner kwa upande wa Uingereza na Pierre Orts kwa upande wa Ubelgiji wakakaa, na tarehe 30 Mei wakapatana: Ruanda na Urundi zitakuwa za Ubelgiji, na nchi iliyobaki, pamoja na Tabora na Kigoma, itakuwa ya Uingereza. Gisaka, sehemu ya mashariki ya Ruanda, ilikatwa na kutiwa upande wa Waingereza kwa kuwa waliota kujenga reli kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga alilalamika. Reli haikujengwa, na mwishoni mwa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa. Watu wake waliondolewa katika nchi yao na kurudishwa humo bila ya kusogea hata hatua moja. Ama Kigoma na njia ya baharini, Ubelgiji iliyoziachia zote mbili ilifidiwa kwa mkataba ule wa 1921 niliouanza nao.

Yafaa tukiri kwamba haja ya Ubelgiji haikuwa ya uongo. Urundi iko mbali na bahari. Kahawa yake lazima ipite katika nchi ya mtu mwingine, na chumvi na nguo zake lazima ziingie kwa njia hiyo hiyo. Mwenye kisima hana haki ya kumwacha mpita njia afe kwa kiu. Lakini haja ya kupita ni kitu kimoja, na haki ya kumiliki njia milele bila ya kumwomba mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Ubelgiji, katika mataifa yote, ndiyo iliyopaswa kuijua tofauti hiyo. Ilikuwa imejifunza kwa damu yake mwaka 1914.

Miaka arobaini ikapita. Tarehe 30 Novemba, 1961, siku chache kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alilieleza Bunge la Tanganyika msimamo wa Serikali kuhusu mikataba ambayo Uingereza ilikuwa imeifanya kwa niaba ya nchi hii. Serikali haikusema kwamba mikataba yote imekufa, wala haikusema kwamba yote imerithiwa. Iliyofanywa na nchi moja moja ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru. Katika muda huo kila mmoja ungetazamwa, na ule ambao Tanganyika haitaukubali yenyewe ungekwisha, isipokuwa kama sheria ya mataifa ingeulinda kwa namna nyingine. Kuhusu viwanja vya Dar es Salaam na Kigoma hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyevitoa milele hakuwa na mamlaka ya milele, na mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mwaka 1962 Serikali ilitumia fikra hiyo hiyo kuhusu mapatano ya 1929 baina ya Uingereza na Misri juu ya maji ya Nile, ikaeleza kwamba hayaifungi Tanganyika. Mgogo aliyekabidhi ng'ombe angelielewa jambo hilo bila ya wakili.

Hapa mwanafunzi hodari atanyosha mkono. Atauliza: ikiwa hatufungwi na walichopatana wakoloni juu ya vichwa vyetu, mbona tumeishika mipaka yao? Mstari unaotutenga na Uganda upande wa magharibi wa Ziwa Victoria ulichorwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, nao ulifuata nyuzi za ramani, si mto wala ukoo. Hakuna mwananchi wa Kagera aliyeulizwa. Na bado mwezi Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, ni Nyerere huyo huyo aliyetoa hoja kwamba nchi zote ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco hazikuridhika. Mwaka 1978 Idi Amin alipoivamia nchi iliyo baina ya mstari ule na mto Kagera na kutangaza kwamba ni yake, vijana kutoka mikoa yetu yote walikwenda kuukomboa mstari uliochorwa na Wazungu, na wengi hawakurudi.

Swali la mwanafunzi huyo ni zuri, na mimi siamini kwamba lajibiwa kwa kusema kwamba mipaka ni tofauti na mikataba mingine. Ni kweli kwamba wanasheria huitofautisha. Lakini tofauti ninayoiona mimi ni nyingine. Viwanja vile vya Ubelgiji tuliviangalia, tukavikataa. Mipaka tuliiangalia, tukajua ni mibaya, tukaichukua iwe yetu kwa sababu njia nyingine ilikuwa kila nchi kumdai jirani yake kwa bunduki. Berlin haikutufunga mwaka 1890; tulijifunga wenyewe mwaka 1964, tukiwa na midomo ya kukataa. Askari aliyekufa Kagera hakufia wino wa wakoloni. Alifia neno ambalo nchi yake ilikuwa imelitoa yenyewe, na ambalo jirani yake alikuwa amelitoa pia.

Mwanafunzi hodari zaidi hatakaa chini. Ataendelea: waliokwenda Cairo walikuwa wakuu wa nchi, je, mkulima wa Mdaburu aliulizwa? Hapo sina jibu la kumnyamazisha, na ni vema asinyamazishwe. Serikali yetu ilikuwa imechaguliwa, wakoloni hawakuchaguliwa, hiyo ni tofauti kubwa. Lakini si tofauti inayomaliza kila kitu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, na miaka michache baadaye katika nchi nzima, watu walihamishwa kutoka mbuga zao na kupelekwa vijijini kwa nia njema ya kuwapatia shule, maji na zahanati. Wako waliokwenda kwa hiari, na wako waliobebwa na vyombo vyao huku maboma yao yakibomolewa. Wagogo na jirani zao walikuwa wametawanya makazi na mifugo kwa sababu zile zile za ukame zilizowafanya wakabidhiane ng'ombe, na si kila afisa alikuwa na subira ya kuzisikiliza. Nia njema hupunguza lawama. Ridhaa haiwezi kuzalishwa kwa niaba ya mtu mwingine, hata na ndugu yake.

Baada ya kuukataa mkataba wa faranga moja, Tanganyika haikuifunga njia. Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai, 1962, na mizigo yake iliendelea kupita Kigoma na Dar es Salaam. Mwezi Septemba 2006 Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini mkataba wa kusimamia usafirishaji katika njia hii ya kati, zikaunda chombo cha pamoja cha kuusimamia. Safari hii waliokaa mezani walikuwa wenye bandari na wenye haja ya bandari. Mabehewa hupita Manyoni kama yalivyopita mwaka 1921, na malori ya mizigo yanayotoka pwani hupita hapo usiku na mchana, yakipinda kuelekea Singida. Wapitao hulipa nauli na ada ya barabara. Dereva wa Bujumbura akisimama kununua asali iliyotoka vichaka vya Itigi, huanza kwa kupatana bei na mwuzaji.